KUGAWANA MAJI YA MTO MMOJA

(Hotuba iliyosomwa na karani mmoja, mwanachama, mbele ya mkutano wa Chama)



Huenda mtu akauliza, Karani ana habari gani na maji ya mashamba? Kazi yake ni kalamu na jalada. Nami nitamjibu kwamba siku hizi hapana mfereji utokao mtoni kwa halali pasipo karatasi, na karatasi hizo hupita mikononi mwetu. Basi jambo hili latuhusu sana.

Twende kwanza katika miteremko ya Kilimanjaro, maana watu wa huko waligawana maji tangu zamani, kabla ya kuja serikali yo yote ya kigeni. Wachaga walichimba mifereji iitwayo mifongo, ikizunguka mabonde na kupita kando ya majabali, hata kufika katika vihamba vya migomba. Kila mfongo ulikuwa na mwangalizi wake, naye ndiye aliyepanga zamu. Aliyetaka maji alitoka na jembe lake siku ya kuzibua mfongo. Asiyetoka alitozwa faini. Huko Upare nako watu walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo yajazwayo usiku, ili mchana maji yafunguliwe kwa wingi. Tazameni busara yake: maji machache yapitayo polepole hunywewa na udongo njiani, na shamba la mwisho halipati kitu, bali maji mengi yakifunguliwa pamoja hufika mbali.

Lakini mwangalizi wa mfongo aliwajua watu wa mfongo wake tu. Mto mmoja una mifongo mingi, na tena chini ya mlima wako watu wengine wanaoungoja mto ule ule, wasiojuana na wale wa juu. Hapo ndipo taabu inapoanza.

Nitatoa mfano mmoja. Mwaka 1987 ulikamilika, kwa msaada wa Ujapani, mradi wa kumwagilia mashamba uitwao Lower Moshi, katika tambarare iliyo kusini ya mji wa Moshi. Ulipangwa kwa hekta 2,300, na katika hizo hekta 1,100 zilikuwa za mpunga, maji yatoke katika mito ya Njoro na Rau. Mpunga ukastawi sana. Wakulima waliokaa juu ya mabanio ya mradi walipoona faida ile, nao wakafungua majaruba yao. Nani atawalaumu? Mto ulipita mlangoni pao, nao walikuwa na watoto wa kulisha na kusomesha. Lakini maji yakapungua huko chini, na haukupita muda mrefu kabla majaruba mengi ya mradi, yaliyotengenezwa kwa gharama kubwa, kukosa maji ya kutosha. Waliotengeneza mradi walihesabu maji vizuri, ila jirani wa juu hawakumhesabu.

Wala safari ya maji haiishii hapo. Maji ya mito hiyo huteremka kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka huko mto Pangani huendelea hata mitambo ya umeme ya Hale, iliyoanza mwaka 1964, na ile ya New Pangani Falls ya mwaka 1995. Kwa hiyo mkulima, mvuvi wa bwawani, na mtu awashaye taa mjini Tanga, wote wananyosha mikono katika chungu kimoja.

Serikali iliona jambo hili. Mwaka 1991 iliwekwa ofisi ya bonde zima la Pangani, na sheria ya mwaka 2009 ikaweka utaratibu: kwanza maji ya kunywa na ya nyumbani, pili maji ya kuuweka mto wenyewe hai, kisha ndipo kazi nyingine. Sheria hiyo imewapa watumiaji ruhusa ya kuunda jumuiya zao. Utaratibu huo ni mwema. Lakini sheria haitembei kwa miguu. Sisi ndio miguu yake.

Basi nashauri mambo matatu. La kwanza, kibali kiandikwe kwa kupima mto wakati wa kiangazi. Wakati wa masika kila mtu ni mkarimu. Tukumbuke kwamba lita 1 kwa sekunde ni lita 86,400 kwa siku. Karani anayepitisha lita 10 zisizokuwamo mtoni amegawa ndoo 43,200 za hewa kila siku, na yuko mtu fulani atakayezikosa.

La pili, tusisome jalada moja peke yake. Tuweke pamoja vibali vyote vya mto ule, tujumlishe, ndipo tujue kama kuna salio.

La tatu, watu wa chini waitwe barazani pamoja na watu wa juu, na zamu zibandikwe mahali ambapo kila mtu aweza kuzisoma. Zamu isiyojulikana huleta watu wenye majembe kwenye banio usiku wa manane, na majembe hayo hayajui sheria.

Ndugu zangu, mwenye shamba la kwanza hahitaji msaada wetu. Maji humfikia hata sisi tukilala. Wa kuulizwa habari ni yule wa mwisho. Afisa akitaka kujua kama mto umegawanywa kwa haki, asimame mwisho wa mfereji mwezi wa Septemba, atazame kama udongo umelowa. Akiukuta mkavu, na arudi ofisini afungue majalada upya.