Weka Kisu Chini

Ndugu msikilizaji wa Tarakea na Rombo yote, umeamka asubuhi, ng'ombe yuko chini zizini. Jana jioni alikula majani vizuri. Leo kafa, tumbo limejaa, damu nyeusi inamtoka puani na haigandi. Jirani kashashika kisu. Mwambie aweke kisu chini!

Huenda hicho ni kimeta. Bakteria wa kimeta, akiwa ndani ya mzoga ambao haujapasuliwa, ni dhaifu. Mzoga ukioza, wengi wao hufa. Ukiupasua, damu inakutana na hewa, na hapo bakteria anabadilika. Anakauka kwa ndani na kujifungia katika ganda gumu, kama punje ya mahindi inayosubiri mvua. Ukame haumuui. Anakaa udongoni miaka mingi, hadi ng'ombe mwingine ale majani ya pale pale.

Narudia: usipasue, usichune, usigawane nyama. Najua inauma, ng'ombe ni ada ya shule. Lakini kuchemsha au kuchoma nyama si kinga, na mchunaji huambukizwa kwa mkwaruzo mdogo tu.

Zuia mbwa na watoto. Mwite afisa mifugo asimamie kuuteketeza mzoga au kuuzika kwa kina. Ukiota kidonda chenye kigaga cheusi, hata kama hakiumi, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa ipo. Na ng'ombe waliobaki, waombee chanjo ya kimeta kila mwaka.