Nani Alichimba Mtaro?

Somo letu leo latoka Wafalme wa Kwanza, sura ya 21. Kisa mwakijua: mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la Nabothi, apate kuligeuza bustani ya mboga, kwa kuwa lilikuwa karibu na nyumba yake. Bei aliyotaja haikuwa mbaya. Nabothi alikataa kwa kuwa ulikuwa urithi wa baba zake, akauawa kwa ajili ya neno hilo.

Hapo udongo haukuwa umechoka, wala mvua haikuwa imekosa. Shamba lilitakiwa ligeuke kwa sababu ya mtu mwenye uwezo aliyekaa jirani. Nasi wa hapa Adams Arcade, tununuao maembe na ndengu za Ukambani sokoni, tukiona mashamba ya kule yamebadilika husema upesi, "Ni ukame." Ukame upo kweli, lakini hauwezi kulaumiwa kwa kila jambo.

Tukumbuke mwaka 1937. Mtaalamu wa serikali ya kikoloni, Colin Maher, aliandika ripoti juu ya Machakos na jinsi udongo wake ulivyokuwa ukichukuliwa na maji. Serikali ilisema watu na ng'ombe wamezidi. Haikupenda kusema sana kwamba ndiyo iliyowafungia Wakamba ndani ya mipaka, na malisho mengi mazuri yakabaki nje. Mwaka 1938 ng'ombe walianza kunyang'anywa, ndipo Muindi Mbingu akawaongoza watu kwa maelfu hadi Nairobi kulalamika. Alihamishiwa Lamu.

Baadaye likatokea jambo ambalo wataalamu hawakulitazamia. Watu waliongezeka, tena zaidi ya mara tano kati ya miaka ya 1930 na 1990, na mmomonyoko ukapungua. Mary Tiffen na wenzake wawili waliandika kitabu juu ya habari hiyo mwaka 1994. Sababu zilikuwa nyingi: kahawa kule vilimani Mbooni na Kangundo, barabara, mahindi ya Katumani yanayokomaa mapema, na mishahara iliyotumwa kutoka mijini. Juu ya yote palikuwa na jembe. Mtaro huchimbwa, udongo ukatupwa upande wa juu (ndiyo maana ya jina fanya juu), na ukingo ukapandwa majani ya ng'ombe. Maji husimama badala ya kukimbia na shamba.

Ni nani aliyechimba? Waume wengi walikuwa Nairobi na Mombasa. Vikundi vya mwethya, wengi wao akina mama, vilikwenda shamba hadi shamba wakiwa na majembe na sepetu. Hatusemi kwamba kila mahali palifanikiwa. Aliye kule chini Kibwezi hakupata mvua ya Mbooni.

Siku hizi mabadiliko yanakuja kwa njia nyingine. Mchanga wa mito huzolewa kwa malori kujengea nyumba za mjini, hata Makueni ikatunga sheria ya kuuhifadhi mwaka 2015. Ranchi ya Malili, ekari 5,000, ilinunuliwa mwaka 2009 kwa ajili ya mji wa Konza. Na mashamba madogo hukatwa ploti. Hapo hatuna Ahabu wa kumlaumu, maana mara nyingi wauzaji ni watoto wa nyumba hiyo hiyo, wakaao mjini kama sisi. Karo yadaiwa, au hospitali, nasi hatuwezi kumhukumu aliyebanwa. Tena wako wauzao ili wanunue gari tu.

Sheria ya urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, huwahesabu mabinti sawa na wana. Hata hivyo twaona ndugu wa kiume wanakutana Jumapili baada ya ibada, wanakubaliana bei juu ya chai, ndipo wanapiga simu nyumbani kumwarifu mama. Yeye ndiye ajuaye kila mtaro ulichimbwa mwaka gani, na upi hupasuka mvua ikizidi. Pengine dada naye angali analima hapo.

Ndugu msikilizaji, ikiwa mkutano wa namna hiyo umepangwa kwenu mwezi huu, nauli ya kwenda Wote au Machakos si kubwa. Nendeni mkaufanyie huko shambani, mama akiwapo na dada akiwapo, kabla ya kumwita mpimaji.