KIBANJA CHA HOLARIA NA VIBANJA VYETU

*Hotuba ya Katibu wa Tawi, mkutano wa wanachama, Kata ya Ndama. Inatumwa kwa waliozuiwa na mvua. Msomee na jirani asiye na simu.*



Niliombwa niseme juu ya wanawake na maendeleo. Nitasema juu ya kibanja, maana hapa kwetu ukiondoa kibanja sijui maendeleo gani yanabaki.

Mwezi uliopita mjane mmoja, mwanachama mwenzetu, alikuja kwangu. Shemeji zake wamegawana migomba, yeye wamemwachia nyumba na mashina machache ya kahawa. Nilimjibu, "Mama, hilo ni la ukoo, rudini mkaongee." Aliondoka bila kumaliza chai. Jibu lile nimekuja kulifuta mbele yenu.

Wengi mnadhani haya mambo ya haki za wanawake yameletwa na wageni wa semina. Nendeni Muleba, hapo jirani. Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Agosti 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo, shilingi 300,000. Kesho yake tu mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akafungua kesi: mwanamke wa Kihaya hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia. Ya Wilaya ikakataa. Shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba kanuni hiyo inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Mwanamke auze kama mwanamume anavyouza. Ukoo ukilitaka shamba, ulikomboe kwa shilingi 300,000 zilezile.

Angalieni hapo: jaji hakuufuta ukoo. Aliuambia ukoo ulipe.

Mzee mmoja aliniuliza kabla ya mkutano, je, tuvunje mila? Mzee wangu, nyarubanja nayo ilikuwa mila. Mtu alilima shamba miaka yote huku bwana akila jasho lake, mpaka ikafutwa kwa sheria mwaka 1965. Sijasikia hata mmoja wenu akiililia kwenye lubisi.

Tangu 1999 Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi, kifungu cha 20, ni batili. Lakini msidanganyike kwamba yamekwisha. Kanuni za urithi za kimila za mwaka 1963 bado zimo vitabuni, na zinasema mjane hana fungu endapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Atatunzwa na watoto wake. Ndiyo maana shemeji wanajiamini. Na ndiyo maana kungoja mpaka matanga ni kuchelewa.

Sasa sisi wanaume. Kahawa nani anaichuma? Nani anaianika na kuikusanya mvua ikitishia? Halafu siku ya malipo kwenye chama cha msingi jina ni letu peke yetu. Langu pia, sijifichi.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi. Mwenye kibanja atakayeomba hati ya hakimiliki ya kimila, aandike majina mawili, lake na la mkewe. Mwenye mali aandike wosia akiwa na akili timamu na mashahidi, wala asiogope kwamba anajiitia kifo. Baba yake Holaria aliandika, na wosia huo ndio uliomwezesha binti yake kusimama mahakamani. Pia Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na wanawake hawatakiwi kupungua watatu. Kila balozi ahesabu waliopo kwake. Kama ni wawili, au kama wapo kwa jina tu na hawaitwi kwenye vikao, nipate taarifa kabla ya Ijumaa.

Kuhusu yule mama: Jumanne saa tatu asubuhi naongozana naye kwenye Baraza. Shemeji zake wawili ni wanachama wa tawi hili na wamo humu kwenye kundi. Ndugu zangu, nitawapigia simu leo jioni, tuongee kwanza. Anayejua mipaka ya kibanja kile tangu enzi za marehemu, mwanamke au mwanamume, naomba aje kushuhudia.

Katibu wa Tawi