Haki za Binadamu Darasani: Maneno kwa Walimu na Wazazi



Liko neno ambalo wazazi wengi hulisema wasikiapo kwamba watoto wao wanafundishwa shuleni habari za haki za binadamu. Husema, "Mtoto akijua haki zake atakuwa jeuri. Hatamtii mwalimu, wala hatamheshimu mzazi." Neno hili lisidharauliwe, kwa maana husemwa na watu wapendao watoto wao. Yafaa lijibiwe kwa upole, kwa kutazama haki hizi zilitoka wapi, na namna gani zifundishwe.

Vita Kuu ya Pili, iliyopiganwa kutoka mwaka 1939 hata 1945, iliua watu kwa mamilioni. Wengi kati yao hawakuwa askari. Wengine waliuawa kwa sababu ya kabila lao au dini yao tu. Vita vilipokwisha, mataifa yaliunda Umoja wa Mataifa, na kamati iliyoongozwa na Bibi Eleanor Roosevelt wa Marekani ikapewa kazi ya kuandika haki ambazo kila mtu anazo kwa kuwa ni mtu. Katika kamati hiyo alikuwamo Bibi Hansa Mehta wa India. Yeye alikataa maneno ya Kiingereza yaliyoweza kufahamika kana kwamba haki ni za wanaume peke yao, na kwa juhudi yake yakaandikwa maneno yenye maana ya binadamu wote. Tarehe 10 Desemba 1948, mjini Paris, Tangazo la Ulimwengu juu ya Haki za Binadamu lilikubaliwa na nchi 48. Nchi 8 hazikupiga kura upande wowote, na hapana hata moja iliyolipinga.

Tangazo hilo lina vifungu 30. Kifungu cha 26 ni cha elimu. Chasema kwamba kila mtu ana haki ya kusomeshwa, na kwamba masomo ya mwanzo yawe bila malipo. Tena chasema kwamba elimu haina budi kuleta masikilizano na urafiki kati ya mataifa, rangi na dini mbalimbali.

Mwalimu asimfiche mwanafunzi habari iliyobaki. Mwaka huo wa 1948 Kenya ilikuwa koloni, na shule zake ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, na za Waafrika mbali. Haki iliyoandikwa katika karatasi haikuwa imefika kijijini. Mwanafunzi akijua hivyo, atafahamu kwamba haki haziji zenyewe kama mvua. Huja kwa kazi ya watu, na huweza kupotea watu wakilala.

Sasa lije jibu la yule mzazi. Tarehe 27 Juni 1981, wakuu wa nchi za Afrika walikutana Nairobi wakakubali Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Mkataba huo ulitaja haki, kisha ukataja na wajibu. Wasema kwamba kila mtu ana wajibu kwa jamaa yake, kwa taifa lake na kwa mataifa mengine. Na kwamba amheshimu mwenzake pasipo kumbagua. Tena wasema wazi kwamba mtu awaheshimu wazazi wake siku zote, na kuwatunza wakiwa na shida. Basi mtoto aliyefundishwa mkataba huu vizuri hakufundishwa ujeuri. Mwenye kukosea ni yule afundishaye nusu yake.

Namna ya kufundisha ni ipi? Tarehe 19 Desemba 2011 Umoja wa Mataifa ulitoa tangazo juu ya mafundisho ya haki za binadamu, ukaonyesha njia tatu.

Njia ya kwanza ni kumpa mwanafunzi maarifa. Yafaa ajue kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya kuwa na jina na uraia, kupata elimu ya msingi bila malipo, chakula, makao na matibabu, na kulindwa asitendewe ukatili.

Njia ya pili ni kwamba shule yenyewe iziheshimu haki inazozifundisha. Mwalimu asimamaye mbele ya darasa na kusoma habari za utu, huku kiboko kimo mkononi, afundisha kwa kiboko na wala si kwa kitabu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza mwanafunzi asipigwe wala asiteswe moyoni. Tufikiri kwamba kalamu imepotea darasani. Mwalimu mmoja huadhibu darasa zima. Mwingine huuliza, husikiliza upande huu na upande ule, kisha huamua. Huyu wa pili amekwisha kufundisha kwamba mtu asihukumiwe kabla ya kusikilizwa, na watoto hawatalisahau somo hilo.

Njia ya tatu ni kumpa mwanafunzi nguvu ya kutenda: kuzitumia haki zake na kuzitetea za wenzake. Hapa ndipo penye hatari kubwa wazazi wasipofahamu. Mtoto aliyezoezwa kunyamaza mbele ya kila mkubwa atanyamaza hata mbele ya mkubwa anayemdhuru. Lakini yule ajuaye kwamba mwili wake una heshima, na kwamba nyumbani atasikilizwa, atasema mapema. Adabu ni jambo jema. Woga si adabu.

Limebaki neno la uraia wa ulimwengu. Neno hili halina maana ya kuiacha nchi yako. Maana yake ni kufahamu kwamba mtu wa mbali ni mtu vilevile. Katika kaunti ya Turkana iko kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, ambayo imewapokea wakimbizi kutoka Sudan, Somalia na nchi nyingine nyingi. Mwanafunzi wa Kenya na aulize: Watu hawa walikimbia nini? Kama ningalikimbia mimi, ningalitaka kupokewaje? Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Elimu ya uraia wa ulimwengu yamfundisha mtoto kuuona uchungu kabla mkuki haujamfikia yeye.

Wala haki ya elimu si ya watoto peke yao. Serikali ilipoondoa ada za shule za msingi Januari 2003, watoto wengi waliokuwa nyumbani waliingia darasani. Mwaka uliofuata, Mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza huko Eldoret, akaketi pamoja na watoto wa umri wa wajukuu zake. Mwaka 2005 alikwenda New York, akanena kwa ajili ya watoto wa ulimwengu wasiopata shule. Alifariki mwaka 2009. Alitaka haki yake, na alipokwisha kuipata aliwatakia wengine. Hiyo ndiyo maana ya somo hili lote.

Basi kila mzazi na amuulize mtoto wake jioni, "Leo umejifunza haki gani, na wajibu gani umefuatana nayo?" Kila mwalimu na alitazame darasa lake mwenyewe kabla ya kufungua kitabu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na taifa nalo hukua hivyo hivyo.