NAFASI YA BURE YA KUWEKEA TOVUTI: TUIPIME NAMNA GANI?

Wewe usiyetusikia redioni, ukalipata somo hili katika karatasi, karibu. Soma polepole, na penye kuulizwa jambo, simama ujibu kwanza ndipo uendelee.

Leo nataka kusema nanyi juu ya ahadi moja inayowafikia watu wengi kwa njia ya simu: "Fungua tovuti yako bure, milele, bila kulipa hata shilingi." Mwenye nyumba ya wageni Butiama akiisoma, moyo wake hufurahi, maana anataka watu waendao Mwitongo kuzuru kaburi la Mwalimu Nyerere wajue pa kulala. Kikundi cha akina mama wauzao dagaa wakavu Mwigobero, Musoma, nacho hufurahi. Chama cha wakulima wa pamba Bunda huona kwamba sasa kitaweza kutangaza mikutano yake bila gharama. Je, waipokee ahadi hiyo?

Jibu langu si ndiyo, wala si hapana. Jibu langu ni hili: pimeni kwanza. Mnunuzi wa dagaa hatazami tu kwamba debe limejaa. Hulipindua kwanza aone kama kitako chake hakikubonyezwa ndani. Nasi leo tutajifunza kulipindua debe hili.

Kwanza yafaa tukifahamu kitu chenyewe. Tovuti ni kurasa za maandishi na picha. Kurasa hizo hazielei hewani. Zimewekwa ndani ya kompyuta iitwayo seva, ambayo huwaka usiku na mchana ili kila anayezitaka azipate. Tena kurasa zina anwani yake, yaani jina la kikoa, kama yale majina yanayoishia na .co.tz au .or.tz.

Fikirini duka. Seva ni kibanda. Kikoa ni kibao chenye jina kilichotundikwa juu ya mlango. Maandishi yenu, picha zenu na orodha za wateja wenu ni bidhaa zilizomo ndani. Yule anayekupa nafasi ya bure hukupa kibanda, na mara nyingine kibao pia. Lakini bidhaa ni zako, na zikipotea, hasara ni yako. Sasa tuvitazame vipimo vyetu vinne.

Kipimo cha kwanza: Ni nani anayelipa?

Seva hula umeme, huharibika, tena huhitaji mafundi. Kwa hiyo hakuna kibanda kisicholipiwa. Kama wewe hulipi, yuko mwingine anayelipa, na yakupasa umjue. Kampuni ya WordPress.com, kwa mfano, hutoa nafasi ya bure, lakini huweza kuweka matangazo ya biashara katika kurasa zako, na hutumaini kwamba siku moja utanunua nafasi kubwa zaidi. Hayo ni mapatano ya wazi, na mtu mzima aweza kuyakubali au kuyakataa. GitHub nayo hupokea kurasa bure, lakini masharti yake yanasema kwamba nafasi hiyo haikukusudiwa kuendeshea duka la kuuza na kununua. Basi yawafaa wanafunzi na vyama, lakini muuza dagaa anayetaka kulipwa humo humo atakuwa amevunja sharti tangu siku ya kwanza.

Msidhani kwamba kila cha bure ni hila. Ile alama ya kufuli uionayo karibu na anwani ya tovuti hutokana na hati maalumu. Tangu mwaka 2015 shirika la Let's Encrypt limekuwa likitoa hati hizo bure kwa dunia nzima. Shirika hilo halifanyi biashara ya faida, na wafadhili wake wanatajwa hadharani. Twajua ni nani anayelipa na kwa nini, kwa hiyo twaweza kuliamini. Lakini hapo hapo ujue jambo moja: kufuli hilo laonyesha tu kwamba njia kati yako na tovuti imefungwa wadukuzi wasisikilize. Halisemi kwamba mwenye duka ni mwaminifu. Tapeli naye aweza kuweka kufuli.

Ukisoma ahadi ya bure na usione popote ni nani anayelipa, usiipokee.

Kipimo cha pili: Kibao ni cha nani?

Tazameni yaliyotokea kwa kampuni iliyoitwa Freenom. Kwa miaka mingi ilitoa bure majina yaliyoishia na .tk ya visiwa vya Tokelau, na pia .ml ya Mali, .ga ya Gabon, .cf ya Jamhuri ya Afrika ya Kati na .gq ya Guinea ya Ikweta. Watu wema walijiandikisha, na matapeli wakajiandikisha pia, maana mahali pa bure huwaita wote. Kampuni ya Meta, yenye Facebook na WhatsApp, iliishtaki Freenom huko Marekani, ikidai kwamba majina hayo yalikuwa yakitumiwa kudanganya watu. Mwaka 2023 Freenom iliacha kutoa majina mapya. Mwezi Juni mwaka huo Gabon ilichukua tena usimamizi wa jina lake, na mamilioni ya anwani za .ga zikafutwa. Mwezi Februari 2024 Freenom ilitangaza kwamba inaacha kabisa biashara hiyo.

Fikirini mtu aliyekuwa amechapisha anwani ya namna hiyo katika kadi na ubaoni mwa duka lake. Hakufanya kosa lolote, lakini kibao chake kiliteremshwa pamoja na vya wezi.

Kwa sababu hiyo nashauri hivi: kibanda waweza kukipata bure, lakini kibao kinunue. Majina ya .tz yako chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, nayo huuzwa na wasajili walioidhinishwa. Andikisheni jina kwa jina la kikundi chenyewe, si kwa jina la kijana aliyewasaidia. Kijana akihamia Mwanza au mkikosana, kibao kisiondoke naye.

Kipimo cha tatu: Je, waweza kuhama?

Hata kampuni kubwa na ya kweli hufunga mlango. GeoCities ilianza mwaka 1994, ikanunuliwa na Yahoo mwaka 1999, ikawa na kurasa za mamilioni ya watu. Mwezi Oktoba 2009 ilifungwa. Kampuni ya Google nayo iliwapa wenye biashara ndogo tovuti za bure kupitia ukurasa wao wa ramani. Mwezi Machi 2024 ilizizima tovuti hizo zote. Hakukuwa na utapeli hapo. Mwenye kibanda alikuwa amebadili shauri tu, na aliyekaa bure hana mkataba wa kumzuia.

Basi kabla hujahamia, uliza habari za kutoka. Je, naweza kuchukua kurasa zangu zote na kuziweka pengine? Usitosheke na jibu la maneno. Weka ukurasa mmoja mdogo, ukae nao mwezi mmoja, kisha jaribu kuutoa. Katika mwezi huo watumie swali uone kama kuna anayejibu. Na siku zote weka nakala mbili za kila kitu, moja katika flashi na nyingine nyumbani kwa mtu mwingine. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kipimo cha nne: Siri za watu zitakaa wapi?

Hiki ndicho kipimo kikubwa, kwa kuwa hapa hatusemi tena juu ya mali yako peke yako. Palikuwa na kampuni mashuhuri ya nafasi za bure iliyoitwa 000webhost. Mwaka 2015 ilijulikana kwamba wezi walikuwa wameiingilia na kuchukua habari za watu zaidi ya milioni 13. Maneno yao ya siri yalikuwa yamehifadhiwa vivi hivi, bila kufichwa, kama mtu aliyeandika namba ya sanduku la fedha juu ya sanduku lenyewe. Wengi walikuwa wametumia neno lile lile katika barua pepe zao. Kwa hiyo mwizi aliyepata ufunguo wa kibanda alipata na ufunguo wa nyumba.

Sasa rudini kwa wakulima wetu wa Bunda. Tuseme chama kinaweka katika nafasi ya bure orodha ya wanachama: majina, namba za simu, kilo za pamba za kila mmoja na fedha atakazolipwa. Orodha hiyo ikimfikia tapeli, haitakuwa tena ule ujumbe wa kubahatisha tuliouzoea, "Ile hela tuma kwenye namba hii." Atampigia mkulima, amtaje kwa jina, amtajie kilo zake, na amwambie malipo yake yamekwama. Mkulima ataachaje kumwamini? Mavuno ya msimu mzima yaweza kwenda kwa simu moja.

Tena kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na iko Tume inayoisimamia. Mwenye kukusanya habari za watu ana wajibu wa kuzilinda. Haitoshi kusema, "Mahali penyewe palikuwa pa bure."

Kwa hiyo orodha za watu, namba za vitambulisho na hesabu za fedha zisiwekwe katika nafasi ya bure. Na neno la siri la tovuti lisifanane na lolote jingine ulilo nalo.

Nimalize na onyo juu ya yule ambaye hahitaji kupimwa, maana amekwisha kujionyesha. Akisema ni bure, kisha akaomba "ada ndogo ya kufungulia" itumwe kwa namba ya mtu binafsi, mwache. Akiomba namba ya siri ya fedha zako za simu, mwache. Akikuharakisha akisema nafasi zinakwisha leo, mwache. Akidai kuwa ana kampuni nchini, tafuta jina lake katika daftari la BRELA. Na ujumbe wa kitapeli unaokufikia kwa simu waweza kuupeleka kwa namba 15040.

Sasa tuwarudie watu wetu watatu. Mwenye nyumba ya wageni Butiama aweza kukaa katika kibanda cha bure, kwa picha za vyumba na namba ya simu tu, lakini anunue jina lake. Kibanda kikifungwa karibu na tarehe 14 Oktoba, wageni wa kumbukumbu ya Mwalimu wanapomtafuta, atahamisha kurasa zake, na jina lile lile litawaleta mlangoni. Akina mama wa Musoma waonyeshe dagaa wao na bei, lakini malipo wayapokee kwa njia waliyoizoea. Wakulima wa Bunda watangaze mikutano, na orodha yao ibaki ofisini kabatini.

Wazee wanaokumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 wanajua kwamba redio ikinyamaza, ndipo kazi ya kikundi huanza. Basi zungumzeni maswali haya matatu. Kikundi chetu kina bidhaa gani ambazo zikipotea hazipatikani tena? Ni habari za nani tulizoaminiwa kuzitunza? Na kama kibanda chetu kingefungwa kesho asubuhi, tungewaambiaje wateja wetu mahali tulipo?

Mkiweza kulijibu lile la tatu bila kusitasita, mko tayari kupokea cha bure.