MFUPA UNASIKIA MZIGO
Mazungumzo ya mhudumu wa jamii mbele ya wakimbizi, Nyarushishi, Rusizi (zamani Cyangugu)

Ndugu wakimbizi, na wewe ambaye hukuweza kufika na unasomewa karatasi hii na mwanao,

Leo nasema na waliovunjika mguu. Wengi mlivuka kutoka Kamanyola na mizigo mgongoni, na wengine mlianguka njiani. Plasta imeshatolewa, muuguzi amekuruhusu kutembea, lakini bado unalala mkekani kutwa. Namjua mama aliyekaa hivyo wiki sita. Binti yake mdogo ndiye aliyepanda mlima na bidoni ya lita 20, yaani kilo 20 juu ya shingo ya mtoto. Nilipomwuliza mama, alinijibu: “Mfupa ni kama tofali bichi, niuache kwanza ukauke.”

Mama yangu, sivyo. Mfupa ni kitu hai. Ndani yake zimo seli ndogo sana zenye mikono mirefu, na mikono hiyo inapita katika vijia vyembamba vilivyojaa majimaji. Unapokanyaga chini, mfupa hupinda kidogo, kiasi ambacho jicho halioni. Majimaji husukumwa, na seli hupata habari kwamba kuna kazi. Hapo hupunguza dutu iitwayo sklerostini, ambayo huwazuia wajenzi wa mfupa. Wajenzi wakiachiliwa, hujenga. Mzigo ukikosekana, sklerostini huongezeka, wajenzi hukaa, na wabomoaji huendelea na kazi yao. Wanaanga, wanaoishi angani kama watu wasio na uzito, hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kila mwezi, hali wana afya na wanakula vizuri. Je, wewe wa mkekani?

Daktari Mjerumani Julius Wolff aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujipanga kufuata kazi unayopewa. Lakini kazi hiyo haihitaji kuwa nyingi. Mwaka 1984 wataalamu Rubin na Lanyon waliubana na kuuachia mfupa wa bawa la ndege. Mara 36 kwa siku zilitosha kuuongeza. Hata walipofikisha mara 1,800 hawakupata zaidi. Seli huchoka kusikia neno lile lile, na zikipumzika saa kadhaa husikia tena. Tena husikia uzito unaokuja na kuondoka. Kwa hiyo ile foleni ya mgao tunayosimama tangu alfajiri, mfupa hauihesabu sana!

Basi, ukiwa na ruhusa ya muuguzi, shika fimbo, inuka kutoka kwenye kiti na ukae tena, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni. Kisha tembea mpaka shitingi ya jirani. Kila wiki ongeza kidogo. Maumivu yakiwa makali au mguu ukivimba, acha, rudi zahanati. Ukipata sambaza, wale na mifupa yao, maana wajenzi wanahitaji chokaa.

Yule mama alianza na fimbo. Sasa anakwenda mwenyewe bombani na bidoni ya lita 5, mara nne kwa siku, na binti yake amerudi darasani.

Tutafanya mazoezi pamoja Jumatatu, saa tatu asubuhi, mbele ya zahanati. Njoo na fimbo yako na karatasi ya muuguzi. Asiyeweza kufika amtume mtoto aniite, nitakuja.