Kwenu ni Wapi?



Tumeombwa tuzungumze juu ya kuulizana maswali waziwazi baina ya makabila na rangi zetu. Sisi mawakili twaishi kwa maswali, nasi twajua kwamba hayafanani. Wakili haruhusiwi kumwuliza shahidi wake swali lililokwisha kubeba jibu. Shahidi wa upande wa pili aweza kuulizwa hivyo, kwa kuwa shabaha ni kumbana. Katika nchi hii, tunapovuka mpaka wa kabila, karibu kila swali letu ni la kumbana mtu.

Chukueni lile dogo kuliko yote: "Kwenu ni wapi?" Mwenye nyumba humwuliza mpangaji, na tajiri humwuliza kijana anayetafuta kazi. Mwaka 1989 serikali yenyewe iliwauliza Wakenya wa asili ya Kisomali, ikawapiga msasa na kuwapa waliopita kadi za rangi ya waridi, kana kwamba kitambulisho cha taifa hakikuwatosha. Januari 2008, penye vizuizi vya barabarani, wenye mapanga hawakuhitaji hata kuuliza. Walidai kitambulisho, wakasoma jina. Ghasia zile ziliua watu zaidi ya 1,100.

Ndiyo maana wengi wamechagua kunyamaza. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya uchochezi, "madoadoa" likiwemo. Hatuna ugomvi na orodha hiyo. Ila neno laweza kupigwa marufuku na kinyongo kikabaki, kikitafuta neno jingine.

Twende Bonde la Ufa, ambako kimya hiki kimegharimu damu nyingi. Majirani wawili wametenganishwa na ua wa michongoma. Mkalenjin ana swali ambalo hajawahi kulisema akiwa hana hasira: "Ardhi hii babu zetu walinyang'anywa na mzungu. Alipoondoka, mbona iliuzwa, na mbona mkauziwa ninyi?" Mkikuyu naye analo lake: "Sisi pia mzungu alitunyang'anya. Tulichanga shilingi kwa shilingi katika vyama vya ushirika na kampuni za kununua mashamba, tukalipa. Mbona uchaguzi ukikaribia, kama 1992 na 2007, twageuka wageni?"

Maswali yote mawili ni ya haki. Kila moja likiulizwa peke yake jukwaani, huzaa moto. Yakiulizwa pamoja, watu wameketi na chai, huzaa la tatu, ambalo wakubwa wa pande zote mbili wangependa lisizaliwe: ni nani aliyekubali, katika mipango ya makazi iliyoanza 1962, kwamba ardhi iliyoporwa inunuliwe kwa mikopo, mingine ikitoka Uingereza hiyo hiyo, badala ya kurudishwa? Na yale mashamba makubwa ambayo hayakugawanywa kamwe, ni ya nani?

Kwa upande wa rangi tuna mengi ya kuambiana pia. Makhan Singh alidai uhuru hadharani mwaka 1950, akawekwa kizuizini hadi 1961. Hata hivyo Wakenya wa asili ya Kihindi walisubiri mpaka 2017 ndipo serikali iwatambue kuwa kabila la 44. Wana haki ya kutuuliza ni vizazi vingapi vizaliwe hapa kabla hatujaacha kuwaita wageni. Nasi tuna haki ya kuwauliza mbona mpishi aliyewatumikia miaka ishirini ana kikombe chake kando. Tunakijua kikombe hicho, nao wanakijua.

Basi pendekezo letu ni hili. Kila tawi liitishe kikao cha saa mbili, majirani wa makabila mbalimbali waje, kila mmoja na swali moja. Anayetaka kuuliza atangulie kuulizwa, ajibu, ndipo apewe zamu yake. Waheshimiwa wabunge na madiwani wakaribishwe kusikiliza, ila wasipewe uenyekiti wala kipaza sauti.